Wauguzi Mabingwa wa Saratani Wafike Hadi Kakese

Tangu siku za TANU wananchi wa nchi hii wamefundishwa kuwataja maadui wao watatu bila kusita: umaskini, ujinga na maradhi. Maadui hao wangali nasi, lakini yule wa tatu amebadili mavazi. Wazee wetu walipomtaja adui maradhi walifikiri juu ya ndui, ukoma, malaria na kuhara kwa watoto. Ndui ilitangazwa kuwa imekwisha duniani mwaka 1980, na hayo mengine twaendelea kupambana nayo kwa chanjo, vyandarua na maji safi. Wakati huohuo ameingia majumbani mwetu adui mwingine, asiye na haraka wala kelele, naye ni saratani. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililoko mjini Lyon, Ufaransa, lilikadiria ya kuwa katika mwaka 2020 peke yake Watanzania zaidi ya 40,000 walipatwa na maradhi haya, na karibu 27,000 walikufa kwayo.

Saratani haichagui cheo. Mwalimu Julius Nyerere, Baba wa Taifa, alifariki dunia tarehe 14 Oktoba 1999 katika hospitali ya St Thomas' mjini London, naye aliuawa na saratani ya damu. Saratani ya namna ile ni ngumu, na hata mabingwa wa Ulaya waweza kushindwa nayo. Lakini iko saratani nyingine ambayo yaweza kuzuiwa kabla haijaanza, au kukatwa ikiwa bado changa, kwa vifaa vya bei ndogo na kwa mikono ya mwuguzi aliyefundishwa vema. Jambo la kuhuzunisha ni kwamba hiyo inayozuilika ndiyo inayowaua mama zetu kwa wingi kuliko zote: saratani ya mlango wa kizazi. Makadirio ya shirika lilelile yanaonyesha ya kuwa wanawake zaidi ya 10,000 wa Tanzania huugua saratani hiyo kila mwaka, na zaidi ya 6,500 hufa.

Leo twataka kusema habari ya wauguzi mabingwa wa saratani, na twataka kuisema tukiwa tumesimama Kakese, wala si Dar es Salaam. Kakese ni kata ya wakulima wa mpunga katika Manispaa ya Mpanda, Mkoa wa Katavi. Watu wake huamka alfajiri kwenda bondeni, na mchele wao huliwa na wafanyakazi wa miji ambayo wengi wao hawajapata kuiona. Mkoa wenyewe ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa, na umekua haraka mno: sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 564,604, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu zaidi ya milioni 1.1. Idadi ya watu imezidi maradufu katika muda wa miaka kumi. Je, huduma ya mgonjwa wa saratani imekua maradufu vilevile? Kila mwanachama na ajiulize swali hili kwa uaminifu.

Njia ndefu ya mgonjwa

Kwa miaka mingi mtu wa Mpanda aliyeambiwa kuwa ana saratani alikuwa na jina moja tu la kutajiwa, nalo ni Ocean Road. Hospitali ile ya pwani ilijengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1996 ikawa Taasisi ya Saratani kwa sheria ya Bunge. Imefanya kazi kubwa ya kusifiwa, na baadaye imepata wenzake: Bugando mjini Mwanza, na KCMC mjini Moshi. Hata hivyo, kutoka Mpanda hadi Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000, ama kwa barabara, ama kwa ile reli ya Kaliua iliyojengwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya kuchukua madini ya risasi. Mwanza nako si karibu.

Mama mkulima hasafiri peke yake. Lazima afuatane na ndugu, na huyo ndugu aache shamba. Lazima wapate nauli, chakula na mahali pa kulala, maana matibabu ya mionzi hayamalizwi kwa siku moja; huchukua majuma kadhaa. Wakati wa kupandikiza mpunga familia hufikiri mara mbili, na wakati wa kuvuna hufikiri mara tatu. Ndiyo maana wengi huahirisha, na wengi wa wagonjwa wanaofika katika hospitali zetu kubwa hufika ugonjwa ukiwa katika hatua ya tatu au ya nne, wakati ambapo daktari anaweza kupunguza mateso lakini hawezi tena kuahidi kupona.

Watu wengine husema ya kuwa dawa ya jambo hili ni kujenga hospitali ya saratani katika kila mkoa. Ni nia njema, wala hatuipingi. Lakini mashine ya mionzi ni ya fedha nyingi, tena inahitaji wataalamu wa fizikia, mafundi, umeme usiokatika na madaktari waliosoma miaka mingi. Mpaka hayo yote yatakapotimia, mama wa Kakese hawezi kuiambia saratani isubiri. Liko jambo linaloweza kufanywa kwa fedha kidogo na kwa muda mfupi, nalo ni kumfundisha mwuguzi, kumpa ujuzi wa pekee wa saratani, na kumweka karibu na wananchi.

Mwuguzi bingwa hufanya nini?

Wako wanaodhani kuwa mwuguzi ni mtu wa kutandika vitanda na kuchoma sindano kwa amri ya daktari. Mawazo hayo ni mabaki ya zamani, na hayafai katika nchi inayojitegemea. Mwuguzi bingwa wa saratani ana kazi nne kubwa, na kila moja ina uhai wa watu ndani yake.

Kazi ya kwanza ni kuchunguza mapema. Kwa saratani ya mlango wa kizazi kipimo chenyewe ni rahisi kueleza. Mwuguzi hupaka mlango wa kizazi maji hafifu ya siki, husubiri kama dakika moja, kisha hutazama. Sehemu iliyoanza kuharibika hubadilika kuwa nyeupe. Akiiona, na ikiwa inafaa kutibiwa palepale, huiondoa siku hiyohiyo kwa kifaa cha kugandisha kwa baridi au cha kuunguza kwa joto, na yule mama hurudi nyumbani kwa miguu yake. Wataalamu wanatuambia ya kuwa kwa kawaida uharibifu huo mdogo huchukua miaka 15 hadi 20 kabla ya kugeuka saratani kamili. Adui anayetupa nafasi ya miaka 15 kisha akatushinda, ametushinda kwa uzembe wetu wenyewe.

Wanawake wa Katavi wana sababu ya pekee ya kuchunguzwa. Uchunguzi wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha ya kuwa katika mkoa huu asilimia 45 ya wasichana wenye miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na mimba, na hakuna mkoa mwingine uliokuwa na hesabu kubwa kuliko hiyo wakati huo. Kuanza mapema mambo ya unyumba na uzazi huongeza hatari ya saratani ya mlango wa kizazi. Tena mwanamke mwenye virusi vya UKIMWI yuko katika hatari mara sita zaidi ya mwenzake asiye navyo.

Wengine watauliza: chanjo si ipo? Ipo, nayo ni neema kubwa. Tanzania ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 14 nchi nzima mwaka 2018, na mwaka 2024 ikaanza kutoa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Lakini tufanye hesabu. Msichana aliyechanjwa mwaka 2018 akiwa na miaka 14 atafikisha miaka 30 mwaka 2034. Mama zake na dada zake wakubwa hawakuipata chanjo hiyo katika usichana wao. Kwa hao hakuna kinga nyingine ila kuchunguzwa, na hakuna atakayewachunguza kijijini isipokuwa mwuguzi.

Kazi ya pili ni kumwongoza mgonjwa katika njia yake. Mama anayeambiwa aende Bugando au Ocean Road hupewa karatasi ya rufaa, na mara nyingi karatasi hiyo ndiyo mwisho wa habari zake. Hajui atamwona nani, siku gani, kwa gharama gani, wala achukue nini. Mwuguzi bingwa huandika jina lake katika daftari, humweleza kwa lugha anayoielewa, hupiga simu huko anakokwenda, na siku asipofika huuliza sababu. Huko Uingereza uchunguzi unaofanywa mara kwa mara miongoni mwa wagonjwa wa saratani umeonyesha ya kuwa wale wenye mwuguzi bingwa wao wanayemjua kwa jina husema wamehudumiwa vizuri zaidi kuliko wasio naye. Ikiwa mtu wa London mwenye gari la moshi mlangoni pake anahitaji mtu wa kumwongoza, mtu wa Kakese anamhitaji zaidi.

Kazi ya tatu ni kumtunza mgonjwa anayepewa dawa kali za saratani. Jambo hili halisemwi vya kutosha, nalo linaua. Dawa hizo hushambulia saratani, lakini pia hupunguza chembe nyeupe za damu, ambazo ni askari wa mwili. Mgonjwa hupewa dripu mjini, kisha hurudi nyumbani. Baada ya siku kama kumi hivi anapata homa. Kila mtu wa Katavi akiona homa hufikiri malaria, na kwa kawaida yuko sahihi. Lakini kwa mgonjwa huyu homa ya digrii 38 ni jambo la hatari kubwa. Yamkini mwili wake umeingiliwa na vijidudu wakati hauna askari, naye anahitaji dawa za kuua vijidudu kwa njia ya mshipa kabla saa hazijapita nyingi. Akipewa vidonge vya malaria na kuambiwa arudi kesho, huenda kesho asiione. Mwuguzi aliyefundishwa habari ya saratani atauliza swali moja tu: dawa ulipewa lini? Swali hilo laweza kuokoa maisha.

Kazi ya nne ni kutuliza maumivu na kumhifadhi mgonjwa katika heshima yake. Wako wasiopona, wala si haki kuwaficha vyumbani wakilia usiku kucha. Kidonda cha saratani cha titi hutoa harufu, na kwa sababu ya harufu hiyo mama hutengwa na watoto wake mwenyewe. Mwuguzi mwenye ujuzi hukisafisha kidonda, hukipaka dawa ya kuua harufu, hukifunga vizuri, na mama huyo hukaa tena na watu wake. Maumivu makali hutulizwa kwa mofini ya kunywa, ambayo Shirika la Afya Duniani limekuwa likiipendekeza kwa wagonjwa wa saratani tangu mwaka 1986. Si dawa ya anasa wala ya kuogopwa ikiwa mikononi mwa mtu anayeijua. Bei yake ni ndogo. Kinachokosekana vijijini ni mtu aliyefundishwa na aliyepewa ruhusa ya kuitoa.

Wenzetu wamefanya nini?

Hatusemi mambo ya kubuni. Katika wilaya ya Dindigul, Jimbo la Tamil Nadu, India, wauguzi walifundishwa kipimo kilekile cha siki na kutumwa kwa wanawake wa vijijini kuanzia mwaka 2000. Matokeo yalitangazwa mwaka 2007: katika sehemu walikofanya kazi wauguzi hao, vifo vya saratani ya mlango wa kizazi vilipungua kwa asilimia 35 vikilinganishwa na sehemu ambazo hawakufika. Wanawake wale walikuwa wakulima na vibarua kama wetu, na maisha yao yaliokolewa na wauguzi.

Karibu nasi zaidi, jirani zetu wa Uganda wametoa mfano ambao dunia nzima imeutazama. Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala mwaka 1993, akaona mara moja kuwa madaktari hawatatosha kufika kwa kila mgonjwa mwenye maumivu. Waganda hawakukaa wakilalamika. Waliwafundisha wauguzi na maofisa tabibu, na mwaka 2004 Serikali yao ikabadili kanuni ili hao waliosomea kazi hiyo waruhusiwe kuandika mofini ya kunywa wao wenyewe. Walioogopa kuwa dawa itazagaa mitaani walijibiwa kwa daftari, kufuli na mafunzo. Nako Kenya, Chuo cha Mafunzo ya Tiba kinatoa stashahada ya juu ya uuguzi wa saratani kwa wauguzi waliokwisha kufanya kazi.

Na sisi wenyewe tunayo historia ya kujivunia. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima kama milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu vidogo, kisha wakatoka wakachimba vyoo na kufyeka majani kuzunguka nyumba zao. Hawakungoja kila kijiji kipate daktari. Walianza na watu waliokuwapo, na maarifa yaliyoweza kufundishwa. Tukifuata njia ileile katika saratani tutakuwa tunatumia urithi wetu.

Wanaopinga wajibiwe

Tunajua kuna hoja za kupinga, nazo zastahili jibu la heshima.

Hoja ya kwanza husema: wauguzi wenyewe ni wachache, ukimtoa mmoja kwenda kusomea saratani, nani atabaki kuzalisha akina mama na kuchoma chanjo watoto? Hoja hii ina ukweli. Lakini hatuombi jeshi. Mkoa wa Katavi una halmashauri 5: Manispaa ya Mpanda, Nsimbo, Tanganyika, Mlele na Mpimbwe. Wakipatikana wauguzi 2 kwa kila halmashauri, na wengine 2 katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, jumla yao ni 12. Watu 12 katika mkoa wenye watu zaidi ya milioni 1.1 hawawezi kuitwa ubadhirifu. Hao 12 wakiisha kufuzu, kila mmoja atakuwa mwalimu wa wenzake katika zahanati na vituo vya afya vinavyomzunguka, hata mwuguzi wa kawaida ajue dalili za hatari na ajue ampigie nani.

Hoja ya pili husema: tangu mwaka 2024 Serikali imekuwa ikipeleka madaktari bingwa katika hospitali za halmashauri, basi wananchi wamekwisha kufikiwa. Tunaiunga mkono kazi hiyo kwa moyo wote. Lakini daktari bingwa hukaa siku chache kisha huondoka, na saratani hubaki. Anayebaki na mgonjwa siku 360 nyingine ni mwuguzi. Kambi ya madaktari bila mwuguzi wa kufuatilia ni kama kupanda mpunga bila mtu wa kupalilia. Mwisho wake tutavuna magugu na kumlaumu aliyepanda.

Hoja ya tatu haisemwi kwa sauti, lakini ipo: ya kwamba mwuguzi akipewa mamlaka ya kupima, kutibu na kuandika dawa, daktari atapunguziwa heshima. Kwa hoja hii hatuna subira. Heshima ya daktari haimo katika kalamu yake, imo katika mgonjwa anayepata nafuu. Chama cha wakulima na wafanyakazi hakiwezi kukubali mkulima afe kwa sababu watu wawili waliosoma wanagombania mpaka wa kazi.

Makosa yanayopaswa kukoma

Tukiwa wakweli hatuna budi kuyataja na makosa yanayofanywa katika nchi yetu. Mwuguzi hupelekwa mafunzoni kwa fedha za umma, akarudi na cheti, kisha baada ya miezi michache huhamishiwa wodi nyingine au wilaya nyingine asikotumia ujuzi wake. Kifaa cha kutibia hubaki kimefunikwa kitambaa, na gesi au siki ikiisha hakuna aandikaye barua. Viongozi huja kuzindua, picha hupigwa, hotuba husomwa, na mwaka unaofuata hakuna anayerudi kuuliza: wanawake wangapi wamepimwa? Wangapi walikutwa na dalili? Wangapi walitibiwa, na waliopewa rufaa wako wapi?

Mambo haya si siri, na kuyaficha si uzalendo. Twataka mwuguzi aliyesomea saratani asihamishwe kutoka katika kazi hiyo bila sababu ya maana na bila mwingine kuandaliwa mahali pake. Twataka cheo chake kitambuliwe na ujira wake ulingane na ujuzi wake, maana mtu akijifunza zaidi na kupata kilekile, wenzake watajifunza kutojifunza. Vyama vya wafanyakazi, TUGHE kikiwamo, pamoja na Chama cha Wauguzi, vilisimamie jambo hili kwa hoja na takwimu. Twataka Baraza la Uuguzi na Ukunga, Wizara ya Afya na vyuo vyetu vikae pamoja, vitazame mfano wa Uganda, na suala la nani aruhusiwe kuandika mofini lijadiliwe wazi badala ya kunong'onwa.

Juu ya hayo, suala la fedha lisisahauliwe. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Sheria hiyo itapimwa kwa maisha ya watu wa kata kama Kakese. Ikiwa bima italipa mionzi mjini lakini kipimo cha siki hakipatikani kijijini, tutakuwa tunalipia kushindwa na kukataa kulipia ushindi.

Wajibu wa kila mwanachama

Serikali ina wajibu wake, lakini Chama kisikae pembeni kama mtazamaji wa mpira. Chama kina mabalozi wa mashina katika kila kitongoji, na hakuna chombo kingine nchini kinachofika mlango kwa mlango namna hiyo. Balozi anayejua ni nani katika shina lake hajachukua kadi mpya anaweza pia kujua ni mama gani mwenye miaka 30 hadi 50 hajapimwa. Kuuliza habari hiyo kwa adabu, kwa kupitia akina mama wa UWT wanaojua kusema na wenzao, ni kazi ya Chama kama ilivyo kazi ya Chama kuhesabu kura.

Wanaume wana wajibu mzito. Mara nyingi mama huambiwa aende kupimwa, naye hujibu kuwa hajapata ruhusa nyumbani. Mume anayemnyima mkewe nauli ya kwenda Mpanda mjini kwa kipimo cha bure au cha bei ndogo, atakuja kutafuta nauli ya Dar es Salaam, na baadaye atatafuta sanda. Tena wanaume wenyewe wasijidhani salama. Saratani ya tezi dume ni ya kwao, na aibu ya kwenda kwa mganga haijapata kumponya mtu.

Akina mama nao wakumbuke jambo moja: kutokuwa na maumivu si dalili ya uzima. Uvimbe wa titi ulio wa hatari mara nyingi hauumi mwanzoni. Damu inayotoka baada ya tendo la ndoa, au baada ya mtu kukoma hedhi, isiitwe uchovu wala isisingiziwe jirani. Wako wanaowaambia wagonjwa kuwa wamerogwa, nao huwapotezea miezi ambayo ndiyo iliyokuwa ya kuwaponya. Wazee na waganga wa jadi wenye busara watusaidie kwa kumtuma mgonjwa hospitali mapema. Wakifanya hivyo watakuwa wenzetu katika vita hivi.

Mabwana afya, walimu, makarani wa kata na wafanyakazi wa reli, kila mmoja ana mahali pake. Mwalimu ahakikishe msichana wa miaka 9 hadi 14 hakosi siku ya chanjo. Diwani asikubali bajeti ya halmashauri ipite bila kuuliza fungu la vifaa vya uchunguzi. Mwajiri amruhusu mfanyakazi wake nusu siku ya kupimwa bila kumkata mshahara. Ni faida kwake, maana mfanyakazi aliyezikwa hazalishi.

Shirika la Afya Duniani liliwawekea mataifa yote lengo mwaka 2020: ifikapo mwaka 2030, asilimia 90 ya wasichana wawe wamechanjwa kabla hawajapita miaka 15, asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa kwa kipimo cha kuaminika, na asilimia 90 ya wanaokutwa na dalili au ugonjwa wawe wanatibiwa. Hesabu hizo zaweza kuonekana kuwa za wakubwa wa Geneva. Kwa kweli ni hesabu za daftari la mwuguzi mmoja mmoja, kata kwa kata, kijiji kwa kijiji.

Kwa hiyo twasema hivi. Mkoa wa Katavi uchague wauguzi wake 12, uwapeleke kusomea, na majina ya vituo watakakofanya kazi yatangazwe ili wananchi wayajue. Kila baada ya miezi sita kamati za Chama za kata zipokee taarifa ya hesabu: waliopimwa, waliotibiwa, waliopelekwa mbali, waliorudi. Kamati itakayokuta hesabu imelala iulize kwa nini, na iulize tena mpaka ijibiwe. Likifanyika Katavi, mikoa mingine haitakuwa na la kusingizia.

Mkulima wa Kakese hadai upendeleo. Analipa kodi yake, analima, analisha taifa, na anapoitwa na Chama huitika. Anachodai ni kwamba maradhi yaliyo rahisi kuzuia yasimchukue mkewe kwa sababu tu alizaliwa mbali na bahari. Kudai hivyo ni haki yake, na kutimiza ni wajibu wetu. Kazi na ianze.